Ngata ya Bi Kalunde

Siku ya kwanza Nyamizi alipofika Nyumba ya Kutua, hospitali ya pale Tabora, alifanya kama alivyofunzwa tangu miguu yake ilipojua njia. Aliona mama mtu mzima anakuja juu ya kokoto, mkononi ana kikapu cha ukindu kilichofunikwa kitambaa, akamkimbilia na kupiga goti.

"Shikamoo, bibi. Nikupokee."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama yule hakupunguza mwendo. "Mzigo huu nitaubeba mwenyewe. Siku nikitaka kupokewa, nitakupa."

Akapita zake. Nyamizi akabaki ameinua mikono mitupu, aibu imempanda mpaka masikioni. Kwao Sikonge, mtu mzima akikunyima mzigo wake ni kama amekwambia kwenu hamkulelewa.

Hivyo ndivyo alivyoonana na Bi Kalunde, mbebaji.

Enzi hizo kijana akimaliza shule hakuulizwa anataka kuwa nani. Alipewa msimu mmoja wa kuchungulia. Anakwenda kwenye kazi anayoitamani, anakaa pembeni, anatazama bila kugusa, kisha anarudi nyumbani na kusimama mbele ya wazazi wake awaambie kazi ile inataka nini. Inatoa nini hakuna aliyeuliza, maana hilo hata kipofu analiona. Baba yake Nyamizi, mfuga nyuki mwenye maneno machache, alimsindikiza mpaka kituoni akamwambia, "Nyuki wanataka utulivu, nami niliwapa. Nenda ukaione hiyo yako inataka nini. Ikitaka zaidi ya ulivyo navyo, rudi, asali ipo."

Ndani ya kikapu kile mlikuwa na ngata mbili. Kila aliyewahi kuchota maji anaijua ngata, kile kitambaa kinachosokotwa duara na kuwekwa utosini ili ndoo isiumize. Hizi za Bi Kalunde zilisokotwa kwa nyuzi za rangi ya shaba, laini kuliko nywele za mtoto mchanga. Moja ilivaliwa na mgonjwa, nyingine na mbebaji, na maumivu ya mgonjwa yakahama. Hayakufutika, maana mpaka hapo hakuna aliyekuwa amepata njia ya kuyafuta bila kuulaza mwili, bali yalipata kichwa kingine cha kukaa. Mwili wa mbebaji haukujeruhiwa hata ukucha. Ila aliumwa, aliumwa kweli, na aliumwa mpaka mwisho.

Juma la kwanza Nyamizi alimwona Bi Kalunde akimbebea mama aliyeungua na mafuta ya maandazi wakati anabadilishwa bandeji. Mama yule alikuwa akiongea habari za mwanawe anayeanza kusoma, huku Bi Kalunde, kwenye kiti cha pili, jasho linamtiririka kama mtu aliyenyeshewa, lakini uso umetulia na mgongo umenyooka. Jioni ile Nyamizi alijisemea kwamba kazi hii inataka nguvu.

Juma la pili akaona kijana mnyanyua vyuma, shingo kama ya fahali, aliyekuja kujaribiwa ubebaji. Aliivaa ngata, akapewa maumivu ya jino tu, akaruka kitini akapiga kichwa chake kwenye taa. Basi si nguvu. Akasema labda ni uvumilivu. Alipomuuliza Bi Kalunde, bibi yule alicheka mpaka akashika mbavu.

"Uvumilivu! Punda naye mvumilivu. Umeona punda kwenye kiti kile?"

"Basi ni huruma, bibi?"

"Wenye huruma wanalia. Ukilia huoni vizuri." Akaendelea kumenya karanga zake. "Wewe tazama tu, mjukuu wangu. Macho unayo."

Nyamizi akatazama. Kutazama alikuweza, utoto wake wote aliupitisha mbele ya mizinga, pale ambapo mtu mwenye haraka huumwa. Na kila alivyotazama ndivyo alivyozidi kumpenda mama yule. Alipenda anavyomsalimu mgonjwa kwanza kabla ya kugusa kikapu. Alipenda anavyoishika ngata mkononi, akaketi, akasema maneno yale yale kila siku, kwa mkubwa na mdogo, "Nimekuja kukupokea. Unanipa?" Hakuivaa mpaka aliposikia "Nakupa". Mara moja mzee mmoja alichukua muda mrefu kulisema neno lile, madaktari wakawa wanatazamana, lakini Bi Kalunde alingoja kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Ngata haipokonyi," alimweleza Nyamizi baadaye. "Mgonjwa akishikilia, hakipiti kitu. Hata umvalishe kumi. Kichwa chake mwenyewe lazima kiachie."

Kisha akaletwa Kondo.

*

Alikuwa fundi wa minara ya umande, ile mirefu yenye nyavu inayokamua maji kwenye hewa ya asubuhi huko mbugani. Waya ulikatika ukamkata mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo. Madaktari walikuwa wamekwisha kuurudisha, mifupa imeshikana, damu inapita. Lakini mkono ulilala kifuani pake kama kitu cha kuazima. Haukuwa na fahamu.

Daktari Mushumbusi, mwanamke mrefu asiyependa kukaa, alimwonyesha Nyamizi chombo cha kioo. Ndani yake, kwenye maji ya rangi ya maziwa, ziliogelea nyuzi nyembamba nyeupe. Zilikuwa nyuzi za mishipa ya fahamu, zilizooteshwa kutoka kwenye mwili wa Kondo mwenyewe.

"Zimeiva leo," alisema. "Ni kama unga uliokwisha kuumuka, usipochoma unachacha. Tukimpa ganzi, fahamu zake zinalala, na hizi zikifika pale hazijui zishike wapi. Lazima awe macho, na kila uzi ukishika, unaamka na moto wake. Hakuna binadamu anayeweza kutulia kwa hilo. Akitikisika, nimekata nilichoshona. Ndiyo maana tuna Bi Kalunde."

"Na kama asipobebewa?"

"Mkono utabaki pambo."

Mbebaji kwa desturi ya nyumba ile haambiwi habari za mgonjwa mapema, asije akaanza kubeba kabla hajapewa. Kwa hiyo Bi Kalunde aliingia akiwa hajui lolote ila kwamba kuna kijana na kuna mkono. Akasalimia. Akaketi. Akaishika ngata.

"Nimekuja kukupokea, mwanangu. Unanipa?"

Kondo alimtazama. Aliziona mvi zilizochungulia chini ya kilemba, akaiona mishipa ya mikono yake, akageuzia uso ukutani.

"Hapana, bibi."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Ila wewe ni sawa na bibi yangu mzaa mama. Nikutwishe mimi, kijana mwenye miguu miwili? Nimelelewa, bibi. Mkubwa hatwishwi na mdogo. Nisamehe."

Walimwelimisha. Daktari alimchorea picha. Alisema ameelewa yote, na akaomba msamaha kwa kila mmoja wao. Mwisho, kwa adabu tu, alikubali kuvaa ngata na kusema "nakupa", na daktari akambonyeza jeraha kidogo kujaribu. Kondo akauma meno, machozi yakamtoka. Bi Kalunde kwenye kiti chake hakusikia hata mchonyoto. Mdomo ulitoa, kichwa kilishikilia.

Mbebaji mwingine wa nyumba ile, Shija, alikuwa kijana, lakini alikuwa amebeba mfululizo na moyo wake ulikuwa umeamriwa kupumzika. Hakuwepo wa tatu.

*

Walitoka barazani. Daktari Mushumbusi akatembea mpaka kwenye nguzo, akarudi, akamkazia macho Nyamizi.

"Wewe una umri gani? Basi. Yeye hataki kumtwisha mkubwa. Wewe si mkubwa. Utakaa kwenye kiti cha pili, utavaa ngata isiyowashwa. Bi Kalunde atakuwa nyuma ya pazia na ngata yenyewe. Kijana atajua anakupa wewe, ataachia."

"Mimi nibebe, daktari? Kweli kweli?"

"Usibebe chochote. Hujafunzwa, moyo utasimama. Ukae tu na kukunja uso."

Nyamizi akamgeukia Bi Kalunde. Alitaka kuambiwa. Angeambiwa kaa, angekaa. Angeambiwa ruka, angeruka. Lakini Bi Kalunde alikuwa akikikunja kitambaa cha kikapu chake, pembe kwa pembe.

"Bibi, nifanye?"

"Ukifanya, mkono utapona. Huo ni ukweli, sitakuficha."

"Na nisipofanya?"

"Hutafanya. Uongo utakaa kinywani mwako, si mwangu, kwa hiyo siwezi kukuamuru. Mimi nitabeba vyovyote." Akakunja pembe ya mwisho. "Niliwahi kusikia watu wakisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyesema hivyo hakuwa mbebaji. Lakini kuna mzigo mzito kuliko maumivu, nao ni shukrani isiyo yako. Nenda kaongee naye. Ukitoka utajua."

Nyamizi akaingia peke yake. Alikaa kwenye kigoda, si kwenye kiti cha pili, akangoja. Kondo ndiye aliyeanza.

"Wamekutuma unibembeleze?"

"Ndiyo."

Akatabasamu kidogo. "Angalau husemi uongo. Mie hawa wakubwa nawaonea haya, lakini nitafanyaje? Mama'angu angenisikia nimemtwisha bibi kizee, angenikana. Kwetu Kisarawe ukimpita mtu mzima na ndoo bila kumpokea, unachekwa mpaka ngomani." Akautazama mkono wake uliolala. "Nilikuwa napiga msondo na mkono huu, unajua? Si kupanda minara tu."

Halafu akamtazama Nyamizi vizuri, kama ndiyo kwanza anamwona.

"Au ni wewe utakayebeba? We kijana mwenzangu. Wewe ningekupa. Ningekupa, na mie siku moja ningekubebea wewe, haki ya Mungu. Harusi yako ningekupigia ngoma mpaka alfajiri, bila kuitwa. Mtoto wako ningempa jina la mama'angu. Ni wewe?"

Neno lilikuwa fupi. Lilimjaa Nyamizi kinywani, tamu kama asali ya nyuki wadogo. Ndiyo. Na mkono ungepona, na msondo ungelia, na huyu kijana angemletea ngoma yake mlangoni maisha yake yote, naye angeipokea na kumpikia wali aliyemshukuru kwa jasho la mwingine. Aliiona siku hiyo ya harusi waziwazi. Alimwona na Bi Kalunde, amekaa nyuma kabisa, anamenya karanga, hakuna anayemjua.

"Si mimi," alisema. "Mimi ni wa kuchungulia tu, sijui kubeba. Wameniambia nikudanganye nikae pale. Anayebeba ni bibi yule yule."

Kondo alifumba macho. Nyamizi akadhani ameharibu kila kitu, na kwa kweli alikuwa ameharibu, maana kijana alitikisa kichwa polepole akasema, "Basi imekwisha. Nashukuru kwa kuniambia. Mkono nitausamehe."

Nje, kwenye chombo cha kioo, nyuzi zilikuwa zinangoja.

Nyamizi aliinuka. Alifika mlangoni. Hapo ndipo jambo fulani lilipomshika vazi, kama mwiba unavyomshika mtu anayepita haraka. Kisarawe. Ngoma ya msondo. Mie na mama'angu. Akakumbuka msiba wa babu yake, alipokuwa mdogo wa kubebwa begani, watu wote wanalia, na ghafla mwanamume mgeni akaingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka alishwe kuku, na babu huyu mchoyo azikwe mahali pengine. Alidhani watampiga. Wakacheka! Bibi yake aliyekuwa hajala tangu juzi akacheka, akafuta kamasi, akamtupia mchanga yule mtu. "Mzaramo huyo," shangazi alimnong'oneza. "Mtani wetu sisi Wanyamwezi. Acha afanye. Ni haki yake."

Siku hizi utani ule, usiojua mkubwa wala mdogo, ulikuwa umebaki kwenye misiba tu, tena ya wazee. Vijana hawakuulizana kabila.

Alitoka mbio. "Bibi! Bibi Kalunde! Yule ni Mzaramo!"

Bi Kalunde alikuwa amekwisha kufunika kikapu. Mkono wake ukasimama hewani.

"Nani kasema?"

"Kwao Kisarawe. Anapiga msondo."

Mama yule wa watu, mtaratibu, ambaye Nyamizi hakuwahi kumwona akienda haraka, aliinuka kama ametekenywa. Akakaza kilemba. Akakishika kikapu. Na hakubisha hodi.

*

"Ehe! Kumbe ni wewe, mla nazi!" Sauti ilijaa chumba. "Nimesumbuka asubuhi nzima nikidhani nambembeleza mtu, kumbe ni Mzaramo! Ningejua nisingepoteza salamu yangu!"

Kondo alishtuka akafungua mdomo. Bi Kalunde alikwisha kufika kitandani. Aliichukua kofia ya Kondo iliyokuwa juu ya mto wa kulalia, akajivalisha juu ya kilemba. Akainama akavichukua viatu vya kijana akavitia kikapuni.

"Viatu hivi vyangu. Na kofia yangu. Na huo mkono nauchukua, maana naona huutumii."

"Bibi..."

"Bibi yako nani? Mimi Mnyamwezi wa Unyanyembe! Babu zangu walibeba pembe na vitambaa kutoka hapa mpaka baharini, na njia nzima walipopita kwenu, wazee wenu walikuwa wamekaa vivulini wanapiga ngoma! Hamkubeba hata kijiti. Leo mjukuu wao ananiambia mimi, mimi, kwamba sijui kubeba?"

Kitu kilitikisika usoni mwa Kondo. Alijaribu kukizuia. Adabu ilimvuta huku, na jambo la zamani kuliko yeye likamvuta kule.

"Tulikuwa tunapiga ngoma," alisema polepole, "ili nyie mjue njia. Maana mlikuwa mkipotea."

"Hee!"

"Na michembe yenu, hivyo viazi vikavu mlivyokuwa mkila njiani, mpaka leo Kisarawe inanuka."

Daktari Mushumbusi alishika mlango. Bi Kalunde alipiga makofi akageuka kwa Nyamizi. "Umemsikia? Umemsikia mvivu huyu wa pwani? Amekatwa mkono, ulimi wamemwachia!" Akaketi kwenye kiti cha pili, kofia ya fundi imeinama kwenye sikio, akaichukua ngata. Na sauti yake ikashuka, ingawa kicheko kilibaki machoni. "Haya, mtani. Mtani haombi mzigo, unajua hilo. Ni wangu tangu enzi za babu. Lakini mimi ni mpagazi mwenye adabu kuliko wewe. Nimekuja kukupokea. Unanipa?"

Kondo alicheka. Alicheka kwa kweli, mpaka machozi yakamtoka, na ndani ya kicheko kile mabega yake yakashuka.

"Mpagazi wangu," alisema, "mbona umechelewa? Chukua. Nakupa."

Na safari hii, daktari alipolibonyeza jeraha, ni Bi Kalunde aliyevuta pumzi.

Kazi ilichukua muda mrefu. Nyamizi alisimama kwenye kona yake akaona jambo ambalo majuma yote hakuwa ameliona, kwa sababu alikuwa akitazama uso. Sasa alisikiliza. Bi Kalunde alikuwa anasema. Jasho lilimtoka, kidevu kikimtetemeka, lakini alisema bila kukoma, sauti ya chini, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia gizani.

"Kidole cha pete kimeamka. Kinachoma kama upupu. Endelea... Hapo. Hapo ni baridi, si moto, umeshika pasipo pake. Rudi. Ehe. Sasa kidole gumba... kimya. Bado kimya. Kimya. Haa! Huyo. Huyo ni kama kubanwa na mlango. Mshike, usimwachie."

Na daktari alirudi palipoambiwa kurudi na kusonga palipoambiwa kusonga, sindano yake ikifuata maneno yale uzi kwa uzi. Kondo alilala akimtazama mtani wake. Mara moja tu alinong'ona, "Unaumia?" Bi Kalunde, macho ameyafumba, akajibu, "Naumia. Na viatu sirudishi."

Walipomaliza, kidole cha shahada cha Kondo kilikuna shuka. Kidogo tu. Daktari Mushumbusi, ambaye hakupenda kukaa, alikaa sakafuni.

*

Mbebaji akivua ngata hamalizi hapo. Mzigo unabaki mwilini kwa muda, unapungua kidogo kidogo, kama kichwa kinavyohisi ndoo hata baada ya kuitua. Nyamizi alimkuta Bi Kalunde kwenye njia ya kokoto, anaelekea kwake, kofia ya fundi bado kichwani. Alitembea polepole. Kikapu alikishika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia aliubana kifuani, mzima, hauna jeraha, hauwezi kitu.

Nyamizi alimkaribia. Safari hii hakukimbia. Hakunyoosha mikono. Alisalimia, akatembea pembeni yake hatua kwa hatua.

Walipofika kwenye lango, Bi Kalunde alisimama. Akautazama mti wa mjohoro uliokuwa unadondosha maua, akamtazama na msichana.

"Ungemwambia ndiyo, angepona," alisema.

"Najua, bibi."

"Na ulipomwambia si wewe, kama asingekuwa Mzaramo?"

Nyamizi alilifikiri hilo. Alilifikiri mpaka likamuuma. "Angepoteza mkono," alisema. "Na mimi ningekuwa nimesababisha. Sijui, bibi. Bado sijui."

Bi Kalunde aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia uzi umeshika pake. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto.

"Nipokee," akasema.

Kikapu kilikuwa chepesi, ngata mbili na jozi ya viatu. Nyamizi alikipokea kwa mikono miwili.

Walikuwa bado njiani, mbele ya nyumba za walimu, simu ya sikioni ilipolia. Alikuwa baba yake. Nyuma ya sauti yake zilisikika nyuki.

"Haya, mama. Msimu unakwisha. Umeiona? Inataka nini?"

Nyamizi alimtazama bibi aliyekuwa mbele yake, mgongo umenyooka, kofia upande.

"Subiri kidogo, baba," alisema. "Nimebeba mzigo wa mtu."